Mstari Nyuma ya Mkwe Wangu

Nianze na waliokuwepo mkutanoni. Alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, ambaye baba yake na marehemu mume wangu walilima zabibu mashamba yanayopakana, hapa hapa Mkonze. Alikuwepo mtendaji wa mtaa, binti wa Kondoa, ana sauti ndogo lakini hakubali kukatizwa. Alikuwepo muuza vitenge, shemeji yake mwenyekiti, mke wa kaka yake. Alikuwepo mdogo wangu, tumbo moja na mimi, aliyekuja kutoka Mpwapwa kunitazama mguu akakaa mpaka mvua zikaanza. Alikuwepo mtani wetu, fundi seremala. Ukoo wake na ukoo wetu wanazikana na kutukanana tangu mimi sijazaliwa. Alikuwepo mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Na nilikuwepo mimi, mama yake huyo mwanangu. Yeye mwenyewe tulikuwa tumeshamzika, ila mkutano wote ulikuwa juu yake.

Waliobaki walikuwa watu wa mtaa. Majina yao ninayo yote, na ya mama zao, na nani alikaa karibu na nani. Shule niliishia darasa la nne lakini jina likiingia kwangu halitoki. Siyaandiki kwa sababu wengi wako hai na tunachota maji bomba moja.

Mwanangu alikuwa utingo wa malori. Alikwenda Dar, alikwenda Kigoma, alikwenda mpaka mipakani huko, akirudi ananiletea dagaa au sabuni. Baadaye akawa anarudi mikono mitupu, amekonda, anajikuna, anasinzia akiwa amesimama. Nilijua ana tabu. Jina la tabu yenyewe sikulijua. Nikimwuliza, "Baba, unaumwa nini?" ananijibu, "Uchovu wa safari, mama." Mimi nikampikia uji wa uwele, nikamchemshia mizizi. Mkewe ananitazama nachemsha, ananishikia sufuria.

Akaondoka akaenda Bahi kwa mjomba wake, kulima mpunga, ndivyo nilivyoambiwa. Akarudi amenenepa. Macho meupe, meno yanaonekana, anacheka. Nikawatangazia wanawake wa jumuiya kwamba mpunga wa Bahi umemrudisha mtoto wangu. Hakumaliza hata mwezi hapa nyumbani. Mkewe alimkuta chooni, mlango umeegemewa kwa ndani, midomo imekuwa ya bluu. Muuguzi wa zahanati alituambia pale pale, bila kuzungusha: ameuawa na unga wa kulevya, amezidisha.

Yaliyotokea msibani ndiyo yaliyozaa mengine. Shemeji yangu mkubwa, ndiye msemaji wa ukoo, alisimama mbele ya jeneza akasema kijana ameondoka kwa malaria iliyopanda kichwani. Mwenyekiti naye akashika hapo hapo, akasema mtaa umepoteza kijana kwa ugonjwa wa ghafla, tulale chini ya vyandarua. Na mwenyekiti alikuwa anajua. Kila mtu anajua wanakouziana, nyuma ya yale magodauni kuelekea reli. Mtoto wa darasa la pili angekupeleka.

Sasa kwetu, mtu akifa, mtani ndiye anayemtoa. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai madeni ya uongo, ananyang'anya mfiwa kitu mpaka akombolewe. Watu wanacheka huku wanalia, na ukishacheka hivyo unajua mtu wako amekwenda. Mimi nilimsubiri mtani wetu. Nilikuwa nimeshamwandalia mpaka shati, lile la mistari. Akaja, akachimba kaburi na wenzake, akanawa mikono, akakaa kimya kama mgeni. Nikamfuata mwenyewe.

"Mtani, mbona huchezi?"

Akasema, "Nimwige nani? Mtu wa malaria? Huyo simjui mimi. Mkimtoa huyo mliyemficha, nitacheza."

Alikataa akaondoka. Mwanangu akazikwa bila utani, kama mtu aliyeokotwa njiani. Nikarudisha lile shati sandukuni.

Baada ya hapo ukaja uchaguzi. Tangu nilipoanza kupiga kura nilikuwa sikosi. Nilikuwa natoka asubuhi, nimevaa kitenge cha sherehe, nakaa kwenye foleni na wenzangu tunasengenya mpaka zamu inafika. Safari hii nilibaki kitandani. Walikuja wa gari la matangazo, wakaja wenye fulana, wakaja mabalozi. Nikawaambia mguu. Haukuwa mguu. Nilikuwa nawaza, nikamwekee alama mtu aliyesimama juu ya mwanangu akazungumzia vyandarua? Wa upande mwingine je? Nao walikuwepo msibani, wamekula wali, wamenyamaza.

Mkwe wangu alikwenda. Na nguo zake za msiba, kilemba cheusi, alikwenda akarudi kidole kina wino. Akaja kuninawisha mguu kwa maji ya chumvi, na kile kidole kikawa kinapita pita mbele ya macho yangu. Nilikichukia. Nilikuwa najiuliza amepata wapi nguvu ya kusimama juani mtu aliyefiwa. Mimi niliyembeba tumboni nimelala, yeye aliyemkuta ameshakuwa mkubwa anatembea na wino.

Basi akaanza. Jumapili akitoka kanisani hapiti nyumbani, anapita kwa wanawake wenye watoto walioingia kwenye unga. Hodi hii, hodi ile. Mkutano wa mtaa hakosi. Ikafika mahali watu wanakuja uani kwangu, wananiamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikiitika tu, "Mkwe wako yupo?" Hawakai. Kiti nimewatolea, hawakai. Wanakwenda chumbani kwake kule nyuma, nasikia wanalia, nasikia wananyamazishwa. Mimi niko jikoni na mlende wangu unachemka, hakuna anayekuja kulia kwangu. Nilikuwa naongeza kuni makusudi ili moshi uende upande wao.

Mdogo wangu alinicheka. "Dada, una wivu na mkwe kama vile ni mke mwenzio."

Nikamwambia, "Mke mwenza angekuwa na adabu, angenipa zamu."

Ndipo ikaja habari kutoka kata. Dawa za kulevya zimezidi, kila mtaa utoe mwanamke mmoja akakae kwenye kamati ya kata, aseme kinachotendeka kwao. Mmoja tu. Mkutano ukaitwa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, jioni, upande ambao ukuta unatoa kivuli. Nilikwenda. Mdogo wangu alidhani nimepona msiba. Nilikwenda kwa sababu nilijua mkwe wangu atasema, na nilitaka niwe nimekaa mahali ambapo ataniona wakati anasema.

Mwenyekiti akafungua. Akasema jambo la dawa ni la mjini, Mkonze sisi ni watu wa zabibu na ibada, lakini kwa kuwa kata imeomba, tuchague. Akampendekeza shemeji yake muuza vitenge. Mama yule akasimama, amependeza kwa kweli, akasema, "Hapa kwetu hatuna mateja. Wanaopita ni wa kuja. Mkinichagua nitalinda jina la mtaa wetu." Akapigiwa makofi na wanaomdai na anaowadai.

Mkwe wangu akanyoosha mkono.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi ni mjane. Mume wangu mlimzika hapa mkaambiwa malaria. Mume wangu alikufa kwa unga."

Watu wakageuka kunitazama mimi, halafu wakageuka kwake haraka, maana yeye ndiye alikuwa na maneno.

Akaendelea. Akasema mumewe alimwambia mwenyewe, wakiwa wawili, miaka kabla ya kufa. Akasema walikuwa wanakwenda pamoja kliniki mjini, kila siku, kunywa ile dawa ya kuachia unga, wanaondoka alfajiri na mimi nikidhani wanawahi kibarua. Akasema Bahi hakwenda kwa ajili ya mpunga. Mjomba alikubali kumficha mbali na wauzaji. Akasema aliporudi, mwili ulikuwa umeshasahau unga, lakini mkono ulikuwa unakumbuka kipimo kile kile cha zamani, na siku alipoteleza akapima kwa ule mkono. "Ndivyo wanavyokufa," akasema. "Wengi wanakufa wakiwa wameshaacha. Mnawaona wamenenepa mnashangilia, mnaacha kuwachunga. Na waliomuuzia wako pale nyuma ya magodauni, hata sasa tukiwa tumekaa hapa."

Nataka nieleze nilichosikia mimi, kwa sababu watu waliniambia baadaye, pole mama, uliumia kusikia jinsi mwanao alivyokufa. Hapana. Jinsi alivyokufa nilikuwa nimeambiwa na muuguzi. Nilichosikia ni kwamba alimwambia yeye. Alikuwa na mdomo wa kusema, akausogeza kwenye sikio la mtu aliyetoka ukoo mwingine, na mimi akanipa uchovu wa safari. Safari zote zile za alfajiri, wawili wakitembea gizani na siri yao, wakarudi wakaniamkia mlangoni. Mjomba wa Bahi, ndugu yangu mimi, tumbo moja, naye alijua. Wote walikuwa ndani ya nyumba moja ya siri, mimi niko nje nasifia mpunga.

Na bado halijaisha. Mtani wetu alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Akainuka. Akavua kofia, akaja katikati, akatusalimia kwa lugha yetu kama anavyofanya akitaka kutuchokoza: "Mbukwenyi, enyi wala mlende!" Halafu akaanza kutembea.

Ee Mungu wangu. Alikuwa ni yeye. Ile ya kuinua magoti kama mtu anayekanyaga kokoto za moto. Akaupiga ukuta wa ofisi kwa kiganja, pa pa, kama utingo anavyopiga bodi la lori, akaita, "Rudi, rudi, rudi, simamaaa!" Akafunga turubai lisilokuwepo. Watu wakaanza kucheka. Kisha pale pale miguu ikaanza kulegea, kichwa kikashuka, kikashuka, mikono inaning'inia, akainama mpaka pua inakaribia chini na haanguki, vile walivyo wakishavuta. Akakaa hivyo. Kicheko kikawa kinatoka na machozi. Mzee wa watu ana miaka yake, sijui mgongo ule aliutoa wapi.

Alipoinuka akasema, "Sasa nimemzika. Nani ananilipa?"

Mimi nilikuwa na khanga mapajani, mpya, nimeikunja. Nikaishika tayari. Kwa desturi ni mimi. Mama wa marehemu ndiye wa kunyang'anywa. Yule mzee akanipita. Akamwendea mkwe wangu, akamvuta khanga ya mabegani, "Mjane, hii naichukua, utaikomboa kwa kuku!" Mkwe wangu akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya chooni, akamwambia, "Chukua, mwizi wewe, hata nyumba yako haina mlango na wewe ni fundi!"

Nikasimama.

Mtendaji akauliza, "Bibi, una swali?"

"Sina swali. Na mimi nagombea."

Mdogo wangu akanivuta gauni. "Dada, kaa chini."

"Niache. Kama ni kufiwa na yule mtoto, nani kafiwa zaidi yangu? Nagombea."

Mtendaji akaniuliza kwa adabu kama nitaweza kwenda kata, na mguu huu. Nikamwambia nilizaliwa hata kata haipo, najua njia. Watu wakacheka, akakubali. Karatasi za kura hazikuwepo, akasema tutapanga mistari: wagombea watatu wasimame wakitazama ofisi, kila mtu akasimame nyuma ya amtakaye, yeye atahesabu.

Tukasimama. Muuza vitenge kushoto, mkwe wangu katikati, mimi kulia. Nikasikia miguu inakuja nyuma yangu. Sikugeuka mara moja, niliisikiliza tu. Nilipogeuka nikaona wanawake wa jumuiya karibu wote, wazee, akina mama niliowakanda walipojifungua, hata vijana kadhaa walioona aibu kumwacha bibi peke yake. Nikatazama mstari wa mkwe wangu. Ulikuwa mfupi kuliko wangu. Akina mama wenye watoto wale, mtani, wengine wachache. Sitasema uongo hapa: nilifurahi. Nilinyoosha shingo.

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu kabisa. Akaninong'oneza, "Dada, tazama kule kushoto."

Nikatazama. Mstari wa muuza vitenge ulikuwa umepinda kwenye kona ya ofisi. Wangu na wa mkwe wangu ukiiunganisha ingeupita, lakini mmoja mmoja, hakuna. Muuza vitenge alikuwa ananitabasamia. Alinitabasamia vizuri sana, kama mtu anayemshukuru mwenzake. Mwenyekiti naye akasugua mikono, akasema, "Mtendaji, tumeshaona, andika tumalize, mambo ya misiba yaliyopita tuwaachie wenyewe."

Hapo ndipo niliposhikwa. Niliona jinsi itakavyokuwa. Muuza vitenge atakaa kata, atasema Mkonze hatuna, na mwanangu atarudi kuwa wa malaria. Mtani ameshamcheza, mkwe ameshamsema, halafu kesho wote wataambiwa walikuwa wanapiga kelele. Mkwe wangu alikuwa ameniibia maneno yangu, lakini alikuwa nayo, yako nje, yana pumzi. Yule wa kushoto alitaka kuyafukia.

Nikaondoka mahali pangu. Mstari wangu, watu wa heshima, walidhani ndiyo utaratibu, wakanifuata kama walivyo, mmoja nyuma ya mwingine.

Mwenyekiti akapiga kelele, "Hakuna kuhama!"

Mtendaji akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Sijaanza kuhesabu, mwenyekiti."

Nikafika nyuma ya mkwe wangu nikasimama, wa kwanza, kabla ya wote aliokuwa nao. Na hapo tukakwama. Kwetu mkwe hampi mgongo mama wa mumewe. Akitoka chumbani mwako anatoka kinyumenyume. Akasikia kikohozi changu, akageuka akapiga goti.

"Mama, siwezi kukupa mgongo."

"Geuka."

"Siwezi, mama. Mbele ya watu wote hawa?"

"Mgombea, tazama ofisi," mtendaji akasema.

Akasimama upande upande, kama mbuzi anayekataa kuingia zizini. Mwenyekiti akaona nafasi. "Huo si mstari! Wametazamana hao, hiyo ni kura au ni harusi?"

Mtani akaropoka kutoka nyuma, "Mpe mgongo, mama! Huyo bibi amekusengenya mgongoni miaka yote, leo autazame vizuri!"

Watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilimshika mabega, yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani, yamebaki mifupa, nikamgeuza mimi mwenyewe. Nikamwambia sikioni, "Sijakusamehe. Tazama mbele." Akatazama mbele. Yale mabega sikuyaachia mpaka mtendaji alipomaliza kuhesabu.

Alishinda. Muuza vitenge alisema mguu wangu umepona ghafla.

Tangu hapo mkwe wangu yuko kwenye kamati. Anakwenda kata, mara moja ameitwa mpaka jiji, kwenye ukumbi wenye viti vya kuzunguka. Kule nyuma ya magodauni wamevunja vibanda. Wauzaji wamesogea mbele kidogo, naye amesogea nao, anawasema huko huko. Akina mama bado wanakuja uani kumuulizia. Wivu wangu upo, sijui mtu anautupa wapi. Akisema "mume wangu" mbele ya watu, mimi nasema "mwanangu", kwa sauti, pale pale nilipokaa, na watu wameshazoea. Kwa sababu hiyo siku hizi sikosi mkutano. Nakaa mbele. Akiruka kitu namkumbusha: kwamba mwanangu alikuwa anapenda kupiga mluzi akioga, kwamba aliogopa mbwa. Hilo la mbwa hakulijua yeye, mwanangu alipomuoa alikuwa ameshaacha kuogopa. Na kura nimeanza kupiga tena. Tunakwenda wote wawili, yeye mbele kunishikia nafasi kwenye foleni, na anasimama upande upande.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Kama ulikuwepo pale uwanjani na ukaona mstari wangu haukuwa mrefu kama nilivyosema, au mwenyekiti alisema neno lingine, njoo unisahihishe, niko nyumbani kila siku isipokuwa ya mkutano. Nitakusikiliza na nitafuta. Ila kama ni mkwe wangu ndiye ameona kosa, aje chumbani kwangu aniambie tukiwa wawili, kama mumewe alivyomwambia yeye.